Fundi na Leseni Yake

*Mhariri, nataka kufungua kazi ya ufundi mdogomdogo hapa Makambako, na Njombe nikiitwa: vitasa, rangi, mabomba na nyaya za umeme. Jamaa wananitisha kwamba nitashtakiwa. Nifanyeje? (Fundi, Makambako)*

Ndugu yangu, hofu yako ina msingi, lakini isikuvunje moyo, maana sheria haikukatazi kutafuta riziki kwa mikono yako. Anza kwa Mamlaka ya Mapato upate namba ya mlipakodi, ambayo hutolewa bure, kisha uiwasilishe pamoja na mkataba wa pango kwa afisa biashara wa Halmashauri ya Mji, mwenye idhini ya kukupa leseni. Na ukitaka kutumia jina la biashara lisilo lako, lisajili BRELA, wakala wa usajili wa biashara.

Kitasa na rangi havina taabu. Umeme ndio wenye hatari, kwani waya uliofungwa vibaya huteketeza nyumba na waliolala ndani yake, na kwa sababu hiyo kutandaza nyaya kwataka leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji; mpaka uipate, kazi hiyo mwachie aliye nayo. Hali kadhalika, usitie sahihi mkataba wa kujenga nyumba ya mtu kabla hujasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1997. Ikiwa ujuzi wako umeupata kazini tu, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huupima na kuutolea cheti.

Ukiletewa barua ya madai usiyoifahamu, usiifiche: ipeleke upesi kwa ofisi iliyoiandika, ukaelezwe.