Uteuzi wa Shule ya Kibinafsi kwa Mtoto wa Lugha Mbili: Mfano wa Mwabungo, Kwale

Makala haya yanachunguza nafasi ya lugha katika uteuzi wa shule ya kibinafsi. Huko Mwabungo, kati ya Diani na Msambweni, mtoto wa Mdigo hukua na Kidigo nyumbani na Kiswahili sokoni.

Ripoti ya Gachathi (1976) ilipendekeza lugha ya eneo itumike kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo. Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, nao umezipa lugha za kiasili nafasi katika madarasa hayo. Hata hivyo, shule nyingi za kibinafsi hufundisha kwa Kiingereza tangu chekechea, na hilo ndilo huwavutia wazazi.

Tazama jozi hizi za Kidigo na Kiswahili: madzi na maji, dzina na jina, dzitso na jicho. Mwalimu asiyejua Kidigo husikia makosa. Anayekijua husikia kanuni: dz huwiana na j, ts huwiana na ch, kwa kuwa lugha hizi mbili ni za kundi moja la Sabaki. Kwake, Kidigo ni ngazi ya kupandia Kiswahili sanifu.

Kwa hivyo, kabla ya kulipa karo, mzazi aulize mambo mawili. Mwalimu wa darasa la kwanza anajua lugha zipi? Mtoto akisema lugha ya kwao, huelekezwa au huadhibiwa? Kiingereza hufundishwa katika kila shule. Mtoto akishaionea haya lugha ya mamake, hakuna karo ya kuirejesha.