Hedhi Inapokoma: Si Kila Joto ni Malaria

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo akina mama wengi hapa Mpanda hulipitia kimya kimya.

Mama mmoja wa miaka 49 alifika kwetu akilalamika kwamba kila usiku anashikwa na joto kali, jasho linamtoka mpaka shuka zinalowa, na usingizi haupati. Katika miezi miwili alikuwa amemeza dawa za malaria mara tatu bila kupima. Majirani walianza kunong'ona kwamba amerogwa. Tulipompima hatukukuta malaria. Tulipomwuliza juu ya hedhi, alijibu kwamba tangu mwaka uliopita inamjia kwa kurukaruka. Basi tukamweleza haya tunayowaeleza ninyi leo.

Homoni ni nini?

Homoni ni vichocheo vinavyotengenezwa na tezi za mwili na kusafiri katika damu, vikipeleka maagizo toka kiungo kimoja hadi kingine. Kwa mwanamke, vifuko vya mayai hutoa homoni mbili kubwa: estrojeni na projesteroni. Wengi hudhani kazi yake ni hedhi na mimba tu. La hasha! Estrojeni huilinda mifupa isipoteze madini yake, huisaidia mishipa ya damu, husaidia ubongo kurekebisha joto la mwili, na huzipa sehemu za siri unyevu wake.

Kwa kawaida, kati ya miaka 45 na 55, vifuko vya mayai hupunguza kazi na estrojeni hupungua. Ndipo huja joto la ghafla, jasho la usiku, kukosa usingizi, hasira za haraka na maumivu wakati wa tendo la ndoa. Huu si ugonjwa wala uchawi. Hata akina baba homoni yao, testosteroni, hupungua, ila polepole.

Tunasema hedhi imekoma mama akimaliza miezi 12 mfululizo bila kuiona. Kabla ya hapo mimba yaweza kuingia. Wanaofuata njia za asili za kupanga uzazi wajue kwamba dalili za mwili huvurugika wakati huu, waombe ushauri. Hedhi ikikoma kabla ya miaka 40, yafaa kumwona daktari.

Tufanye nini?

1. Tupime kwanza. Malaria bado ipo Katavi, kwa hiyo tusidharau homa. Lakini tusimeze dawa kwa kubahatisha.

2. Tulinde mifupa. Hedhi ikikoma, mifupa hudhoofu haraka, na kuanguka kidogo tu kwaweza kuvunja mkono au nyonga. Tule dagaa wa Ziwa Tanganyika pamoja na mifupa yao, tunywe maziwa, tule mboga za majani. Kutembea na kulima pia huimarisha mifupa. Tuache sigara.

3. Tupime shinikizo la damu walau mara moja kwa mwaka, maana hatari ya ugonjwa wa moyo huongezeka.

4. Usiku tuvae nguo nyepesi za pamba. Tupunguze pombe, na chai kali jioni.

5. Dawa za homoni zipo, na huwasaidia wenye shida kubwa. Lakini hazimfai kila mtu, hasa aliyewahi kuugua saratani ya matiti. Aamue daktari, si duka la dawa.

Dalili ya hatari

Mama ambaye hedhi yake imekoma akitokwa damu, hata tone moja, asiseme ujana umerudi. Aende hospitali wiki hiyo hiyo. Mara nyingi sababu ni ndogo, lakini yaweza kuwa saratani ya mfuko wa uzazi au ya shingo ya kizazi. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Ikichelewa kugunduliwa, matibabu ya mionzi ni safari ndefu toka kwetu: Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Ikiwahiwa katika mabadiliko ya mwanzo, hutibika kabla haijawa saratani. Kwa hiyo akina mama wa miaka 30 hadi 50 wapimwe hata kama hawaumwi.

Nanyi akina baba, mkeo akiamka usiku kujipepea, usimshuku wala usimcheke. Mfungulie dirisha, mwulize hali yake, msindikize kupima.

Mama yule alirudi baada ya mwezi. Joto lilikuwa bado linamjia, lakini hofu ilikuwa imemtoka, na mumewe alikuwa amekuja naye.

Maswali ya kujadili katika jumuiya:

1. Kwa nini si vema kumeza dawa za malaria bila kupima?
2. Estrojeni ina kazi gani mbali na uzazi?
3. Mama afanye nini akiona damu baada ya hedhi kukoma?