Kidonge cha Niasini: Ngozi Kuwaka Si Sumu Kutoka



Somo la leo linahusu kidonge ambacho kimeanza kupita mkono kwa mkono hapa kambini Nhica. Wauzaji wanakiita dawa ya kusafisha damu. Kwenye chupa utakuta limeandikwa neno niacin, au niacina kwa Kireno, na nyingine zimeandikwa vitamini B3. Kwa Kiswahili tunasema niasini. Mimi nimeonyeshwa chupa mbili, na zote zilikuwa na vidonge vya miligramu 500.

Mama mmoja jirani yangu alimeza viwili asubuhi kabla hajala kitu. Haikupita nusu saa, uso na shingo vikawaka kama aliyepakwa pilipili. Masikio yakawa ya moto, mwili ukamwasha, akaona kizunguzungu hadi akakaa chini. Alipomuuliza muuzaji, akajibiwa: "Usiogope mama, hiyo ndiyo sumu inatoka. Kesho ongeza." Akaongeza. Siku ya tatu alikuwa anatapika na hawezi kushika chakula. Tulimsindikiza kituo cha afya na chupa yake mkononi, vidonge vikasimamishwa, na baada ya siku kadhaa akapata nafuu.

Mama huyu simlaumu. Alitembea msituni siku nyingi baada ya shambulio la Palma la Machi 2021, akinywa maji ya madimbwi na kula mizizi asiyoijua. Tangu hapo anaona kuna kitu kibaya kimebaki tumboni mwake. Wako wengi wenye wasiwasi kama huo, na muuzaji anaujua.

Je, kwa nini ngozi inawaka?

Niasini ni vitamini ambayo mwili unaihitaji ili kugeuza chakula kuwa nguvu. Mahitaji yake ni madogo sana. Mwanamke mzima anahitaji miligramu 14 hivi kwa siku, mwanamume 16, na kwa kawaida zote zinatoka kwenye chakula. Ikimezwa nyingi kwa mara moja, hata miligramu 50 tu, niasini huifanya ngozi itoe kemikali inayopanua mishipa midogo ya damu. Damu hukimbilia usoni na kifuani, na hapo ndipo joto na muwasho vinapotokea. Kinachosukumwa ni damu tu, hakuna sumu inayotoka. Mpe kidonge hicho mtu mwenye afya kamili, asiyewahi kunywa hata maji machafu, naye atawaka vilevile. Na kwa kuwa mishipa imepanuka, presha inaweza kushuka, ndiyo maana mama yule alipata kizunguzungu. Akimeza na chai ya moto, hali inazidi.

Vidonge viwili vya mama yule vilikuwa miligramu 1,000. Fanya hesabu: ni zaidi ya mara 70 ya mahitaji yake ya siku.

Kuwaka huko hupita baada ya muda. Hatari kubwa zaidi iko kwenye ini. Ini na figo ndivyo viungo ambavyo Mungu ameviweka visafishe mwili, na vinafanya kazi hiyo usiku na mchana bila kidonge. Mtu anayemeza niasini nyingi kila siku, hasa kuanzia miligramu 1,500 au 2,000, anaweza kuliumiza ini lile lile linaloondoa sumu. Vidonge vinavyoyeyuka polepole havimuwashi mtu sana, kwa hiyo vinapendwa, lakini ndivyo vinavyoumiza ini zaidi. Dalili ni kichefuchefu, uchovu mwingi, maumivu chini ya mbavu za kulia, mkojo mweusi kama chai ya rangi, na macho kuwa ya manjano. Vilevile niasini nyingi hupandisha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari asiiguse. Inaweza pia kuamsha jongo kwa wenye ugonjwa huo.

Habari hii ya kutoa sumu ilianzia wapi?

Haikuzaliwa Cabo Delgado. Ilienezwa na Mmarekani L. Ron Hubbard, mwandishi wa hadithi aliyeanzisha dini ya Scientology. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alitunga mpango ambao ndani yake mtu humeza niasini, dozi ikipandishwa hadi kufikia miligramu 5,000 kwa siku, huku akikaa saa nyingi katika chumba chenye joto kali ili atoke jasho. Hubbard alifundisha kwamba kuwaka kwa ngozi ni dalili ya mabaki ya dawa na mionzi kutoka mwilini. Hakuwa daktari. Mwaka 2006 huko Marekani, watu walimeza niasini nyingi wakidhani itaficha dawa za kulevya katika kipimo cha mkojo. Baadhi yao waliishia hospitali. Hakuna ushahidi kwamba niasini huficha chochote.

Lakini msije mkaichukia niasini. Ukosefu wake ni ugonjwa mbaya, na sisi watu wa Msumbiji tunao ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 1990, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndugu zetu wengi walikuwa wakimbizi Malawi. Mgao wao ulikuwa hasa mahindi, na karanga ndizo zilizowapatia niasini. Mahindi yana niasini, ila imefungwa na tumbo haliwezi kuifungua. Karanga zilipokatika katika mgao, pelagra ikaingia. Kati ya Februari na Oktoba mwaka ule wakimbizi karibu 18,000 waliugua, yaani kama watu 6 katika kila 100. Wanawake waliugua zaidi sana kuliko wanaume. Waliokuwa na bustani, au waliopata karanga na samaki, walisalimika zaidi.

Pelagra huonekana mahali jua linapopiga: mikono, miguu, na shingoni kama mkufu. Ngozi huwa nyeusi, kavu, na kubanduka. Mgonjwa huharisha, kisha akili huchanganyikiwa, na asipotibiwa hufa. Tiba ni nikotinamidi, ambayo ni aina ya niasini isiyowasha. Mtu mzima hupewa miligramu 300 kwa siku, zikigawanywa, kwa wiki tatu au nne, pamoja na vitamini nyingine za B. Hata mgonjwa wa pelagra, basi, hapewi kiasi ambacho muuzaji wetu anampa mtu mzima wa afya. Wanaotumia dawa za kifua kikuu wawe macho zaidi na ngozi zao, kwa sababu dawa mojawapo, isoniazidi, inaweza kuleta pelagra kwa mtu asiyekula vizuri. Wasiache dawa. Waje tuwaone.

Mama wajawazito wanauliza kama vidonge wanavyopewa kliniki ni hivyo hivyo. Hapana. Kile chenye vitamini nyingi kina niasini miligramu 18 tu. Endeleeni kumeza.

Mtu anayetaka kweli kutoa sumu, aanzie kwenye muhogo mchungu. Mwaka 1981 mkoani Nampula, wakati wa ukame, watu zaidi ya 1,000, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu kwa kula muhogo ambao haukuandaliwa vizuri kwa sababu ya njaa. Kule waliuita mantakassa. Sumu ile hutolewa kwa maji na jua: loweka muhogo uliomenywa siku tatu, uanike ukauke kabisa. Kama una unga tayari na una shaka nao, uchanganye na maji, uutandaze mwembamba juu ya mkeka kwa saa mbili juani au tano kivulini, ndipo usonge ugali. Mwili nao humaliza sumu iliyobaki kwa msaada wa protini, yaani samaki, dagaa, kunde, mbaazi. Vyakula hivyo hivyo vina niasini pia. Kisamvu cha karanga, ambacho wenzetu wa kusini wanakiita matapa, kinafaa kuliko chupa nzima ya vidonge, na konzi moja ya karanga ina kama miligramu 4.

Kama umeshameza vidonge hivyo, acha leo. Ukiona kizunguzungu, lala chini na unywe maji ya kawaida. Usijitapishe. Ukiwa na dalili yoyote ya ini niliyoitaja, usingoje kesho, nenda kituo cha afya, na mtoto akimeza hata kimoja apelekwe mara moja. Chukua na chupa, hata kama ni tupu, maana nesi anahitaji kusoma kilichoandikwa juu yake. Hatutakuuliza ulinunua kwa nani.