Punda Akisusa Chakula, Usingoje Kesho

Kila asubuhi punda wa Lamu hubeba mchanga, saruji na mawe kutoka ufuoni hadi kwenye vichochoro ambako gari halipiti. Akiugua, riziki ya nyumba nzima husimama. Mara nyingi daktari wa mifugo huitwa siku ya pili au ya tatu, punda akiwa ameshalala chini. Somo letu la toleo hili ni jinsi ya kuitumia vyema siku ya kwanza.

Kwa nini haraka?

Punda huficha maumivu. Farasi anayesokotwa na tumbo hugaagaa na kujipiga mateke tumboni. Punda hujitenga tu, huinamisha kichwa na kuacha kula. Kwa hivyo aliyesusa chakula si mvivu wala mkaidi. Huenda yuko hatarini.

Punda hawezi kutapika. Akila plastiki, nyuzi au kamba jaani, huweza kuziba utumbo. Isitoshe, akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili humiminika kwenye damu na kudhuru ini na figo. Punda mnene na mwenye mimba ndio walio hatarini zaidi.

Chunguza haya, kisha piga simu

- Alikula na kunywa lini mara ya mwisho?
- Alikunya lini? Kinyesi ni kigumu, au kina plastiki?
- Ufizi una rangi gani? Ubonyeze kwa kidole gumba. Rangi inafaa kurudi ndani ya sekunde 2.
- Akiwa ametulia, anapumua mara ngapi? Kawaida ni 12 hadi 28 kwa dakika.
- Kama una kipimajoto, joto lake ni ngapi? Kawaida ni takriban digrii 37. Likizidi 38, mweleze daktari.

Uchunguzi huu usizidi dakika kumi. Kisha mpigie afisa wa mifugo wa wadi yako. Taja mtaa au kijiji, umri wa punda na ulichoona. Walio Faza, Siyu na visiwa vingine wapige mapema zaidi, kwa kuwa safari ya boti hutegemea maji kujaa na kupwa.

Unapomngoja daktari

Mvue matandiko na umweke kivulini. Ondoa chakula, lakini mwachie maji safi. Kama ana mwenzake aliyemzoea, waache pamoja. Kutenganishwa humzidishia dhiki.

Usimnyweshe mafuta, soda wala dawa kwa chupa, kwani huweza kuingia mapafuni. Usimpe dawa ya maumivu bila kuagizwa, maana huficha dalili ambazo daktari anazitafuta. Usimchape ili ainuke, wala usimrudishe kazini kabla daktari hajakuruhusu.

Anayemtibu awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, kama inavyotakiwa na sheria ya mwaka 2011. Una haki ya kumwomba akuonyeshe leseni yake.

Jambo la kufanya leo

Andika nambari ya simu ya afisa wa mifugo wa wadi yako kwenye mlango wa banda, na umwonyeshe kila anayemwongoza punda wako, wakiwemo vijana wa kazi. Punda akiugua ukiwa safarini, wao ndio watakaopiga simu hiyo.