Wananicheka Nikiwapa Mgongo

Kwako Mwalimu Mstaafu,

Nina wiki tano tangu nianze uanagenzi wa mwaka mmoja katika shule ya sekondari msingi huku Kayole, Nairobi, Gredi ya 8, wanafunzi 74. Nikigeukia ubao hunong'onezana kwa Sheng nisiyoielewa, kisha hucheka. Mwenzangu amenishauri niingie na kiboko. Nifanyeje?

Mgeni wa Chaki, Kayole

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilicheka, si kwa dhihaka bali kwa kumbukumbu, kwani mimi nami, nilipoanza kazi hii katika mtaa usio mbali na soko la Burma, nilibandikwa jina la Filimbi, nisitambue kuwa ndimi nisemwaye hadi muhula wa pili, wala nisijue kuwa sababu yake ni sauti yangu, ambayo ilipanda kila nilipoghadhibika.

Kuhusu kiboko, serikali ilikiondoa shuleni mwaka 2001, na kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinamwekea mwenye kumtesa mwanafunzi, mwili au nafsi, faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Na huyo aliyekushauri, siku ya kizimbani, sidhani utamwona.

Ama kicheko, usikidhani kuwa ni chuki. Watoto hao wamo katika daraja la elimu lililoanza Januari 2023 tu, na aghalabu wamewaona walimu wakipanda na kushuka kama abiria wa matatu, hata wakajizoeza kumjaribu kila mgeni ili wajue mapema iwapo atakaa; nawe, maskini, umo katika mkataba wa mwaka mmoja. Usiwaahidi kuwa utakaa, maana hilo liko mikononi mwa Tume ya Huduma za Walimu, si mwako. Waoneshe kuwa leo upo.

Anza na majina. Majina sita kwa siku yatakuishia kabla ya wiki tatu, nawe uyatamke kama mama zao wayatamkavyo, kwa kuwa mtoto aliyezoea kuitwa “wewe wa nyuma” hana heshima ya kulinda, ilhali aitwaye kwa jina lake hujiona ametambulikana mbele ya kadamnasi. Ubao uandike wakati wa mapumziko, wangali nje, ili usiwape mgongo bila haja. Madaftari usiyakusanye yote 74, ukayalimbika juma zima. Chukua ya safu mbili, uyasahihishe usiku huo, na asubuhi uyarejeshe. Mwalimu arejeshaye daftari kwa wakati wanamhesabu kuwa yupo.

Na yule mwenye kuanzisha kicheko (nina yakini yuko karibu na dirisha) mwulize kwa staha maana ya neno alilolisema, kisha umtake akutafutie kisawe chake katika Kiswahili sanifu. Kwa kauli ya wengi Sheng ilizaliwa katika mitaa hiyo ya Eastlands. Si aibu mgeni kuwauliza wenyeji. Sauti ishushe, hasa utakapokasirika: nalijifunza hilo nikiwa nimekwisha kuwa Filimbi.

Jina lako nawe bila shaka wamekwisha kukupa. Ukilijua, niandikie.