MWANGWI KATIKA KIFUA CHA MTOTO

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, tazama saa na uhesabu pumzi zako kwa dakika moja. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Mtu mzima aliyetulia hupata kati ya 12 na 20. Mtoto mchanga hupata kati ya 30 na 60. Akifika 60 au zaidi, na ukirudia kuhesabu iwe vilevile, hiyo ni hatari. Apelekwe hospitalini mara moja.

Hesabu hiyo niliijua kwa uchungu. Mwaka jana, likizo ya Agosti, mama alijifungua ndugu yangu kabla ya miezi kutimia. Nilipoenda kuwaona pamoja na nyanya, mtoto alikuwa anaguna kila akitoa pumzi na mbavu zinabonyea ndani.

"Mjukuu wangu ana nguvu, anaimba," nyanya akasema.

Sista akatazama saa, akahesabu, akafika 78. "Hapana, nyanya. Haimbi. Anatafuta hewa."

Akawekewa oksijeni. Chumba cha eksirei kilikuwa jengo la mbali, na mtoto hangeweza kutolewa kwenye oksijeni apelekwe huko. Tukangoja tu. Nilijiuliza: je, hakuna njia ya kutazama kifua bila kumsogeza mtoto?

Shule zilipofunguliwa nikamwuliza mwalimu wetu wa fizikia. Kumbe ipo! Inaitwa altrasaundi ya mapafu.

Kwanza tuelewe mapafu yenyewe. Mtoto akiwa tumboni, mapafu yake yamejaa majimaji. Akizaliwa, majimaji hunyonywa na hewa huingia. Shida huja kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza, majimaji huchelewa kuondoka. Mara nyingi hali hii huisha kwa siku chache. Ya pili, mtoto njiti hukosa safaktanti, yaani utelezi unaozuia vifuko vya hewa visijifunge na kugandamana. Mary Ellen Avery na mwenzake Jere Mead walieleza upungufu huo huko Marekani mwaka 1959. Hata hivyo, dawa ilikuwa bado. Mtoto wa Rais Kennedy, Patrick, alizaliwa kabla ya wakati tarehe 7 Agosti 1963 akafa tarehe 9. Maradhi hayajui ikulu wala manyatta.

Sasa mashine. Mchungaji akipiga kelele karibu na kilima, sauti humrudia. Huo ni mwangwi. Altrasaundi hutuma sauti nyembamba mno, isiyosikika na sikio la binadamu, kisha huchora mwangwi wake. Lakini sauti hiyo haipenyi vizuri kwenye hewa, ndiyo maana kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mapafu hayatazamiki hivyo. Baadaye madaktari wakagundua kuwa mwangwi wenyewe unasema. Pafu lenye hewa nzuri huonyesha mistari iliyolala. Pafu lenye maji huonyesha mistari myeupe inayoshuka wima. Safaktanti ikikosekana sana, pafu huonekana jeupe kotekote. Mwaka 2007, Roberto Copetti na Luigi Cattarossi wa Italia walieleza kwamba majimaji yanapochelewa kuondoka, sehemu ya chini ya pafu huonekana nyeupe kuliko ya juu. Hivyo daktari anaweza kutofautisha shida hizo mbili palepale kitandani, bila miale ya eksirei.

Kwetu Isiolo jambo hili si mchezo. Kutoka Merti au Garba Tulla hadi mjini ni safari ndefu, na ziko mashine za altrasaundi ndogo za kubebwa mkononi. Lakini tusidanganyane: mashine haitibu, na bila mtu aliyefunzwa kuisoma ni televisheni tu. Tena haitangulii jicho la mama. Dalili ya mvua ni mawingu: pumzi za haraka, kuguna, pua kutanuka, mbavu kubonyea, midomo kuwa ya buluu. Ukiyaona hayo usingoje kesho.

Ndugu yangu alishuka hadi pumzi 50 siku ya tatu. Leo anatembea, na ukurasa wa kwanza wa makala haya ameurarua. Nimeuandika upya bila kinyongo.

MASWALI
1. Kwa nini hewa huizuia altrasaundi?
2. Taja dalili nne za mtoto anayetafuta hewa.
3. Nyumbani kwenu nani ana saa?