Kabla ya Kuuza Jiwe: Jinsi ya Kutambua Miamba ya Taita Taveta

Katika machimbo ya Kasighau na Kamtonga, biashara ya vito huisha haraka. Mchimbaji hutoka shimoni na mfuko, broka humulika mawe kwa kurunzi, bei hutajwa na pesa hulipwa. Mara nyingi anayelijua jiwe zaidi ni yule anayenunua. Hasara hiyo haimpati mchimbaji peke yake. Chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2016, mrabaha unaotokana na madini hugawanywa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii ya eneo la uchimbaji. Jiwe lililouzwa kwa bei ya kokoto huleta mgao wa kokoto.

Makala haya yanaeleza namna mkazi anavyoweza kuutambua mwamba ulio mbele yake. Kazi huanzia hapo, kwa kuwa kito hakijitokezi popote tu. Kila kito kina mwamba wake, na anayechimba katika mwamba usiofaa anaweza kumaliza miaka akitoa kifusi.

Kwanza, madini na mwamba si kitu kimoja. Mwamba ni kama pure ya mahindi na maharagwe, nayo madini ni zile punje zenyewe. Katika jiwe la kawaida kutoka Milima ya Taita, punje zinazoonekana kama kioo kilichofifia ni kwatzi, zile nyeupe au za waridi ni feldispa, na vipande vyembamba vinavyometameta na kubanduka kwa ukucha ni ulanga. Jiwe livunjwe kwanza kwa nyundo, kwa sababu sura ya nje huwa imeharibiwa na jua na mvua. Anayevunja avae miwani au aelekeze uso pembeni.

Miamba yote ya dunia huwekwa katika makundi matatu kulingana na ilivyotokea. Kaunti hii ina bahati, kwa kuwa makundi mawili yapo kwa wingi na la tatu liko mlangoni.

Miamba ya moto ilitokana na uji wa mawe uliopoa na kuganda. Ukipoa juu ya ardhi, hupoa haraka na punje hazipati muda wa kukua. Jiwe huwa jeusi au kijivu, punje zake hazionekani kwa macho, na mara nyingi lina vitundu vilivyoachwa na gesi. Hiyo ndiyo basalti. Mfano ulio wazi zaidi ni mkondo wa lava wa Shetani ndani ya Mbuga ya Tsavo Magharibi, karibu na vilima vya Chyulu, ambako lava bado ni nyeusi na kali kama iliyomwagwa jana. Upande wa Taveta, Ziwa Chala limekaa ndani ya kreta ya volkeno. Vitundu na nyufa za miamba hii hupitisha maji. Mvua inayonyesha juu ya Chyulu huzama ndani ya lava na kutokea Mzima Springs, ambako Mombasa pia hupata maji kwa bomba. Uji ukipoa polepole chini ya ardhi, punje hukua hadi kuonekana, zikiwa zimeshikana bila mpangilio wowote. Hiyo ni graniti. Mahali palipo na lava nyeusi mkazi asitarajie ganeti ya kijani.

Miamba tabaka hutokana na mchanga, tope au mabaki ya viumbe yaliyolundikana na kugandamana. Anayesafiri kwenda Mombasa huikuta baada ya Mackinnon Road, kuelekea Taru katika kaunti jirani ya Kwale. Mbele zaidi kuna mawe bapa ya Mazeras ambayo mafundi wengi hupamba nayo kuta, na pwani kuna mawe ya matumbawe yaliyojenga Fort Jesus. Alama zake ni rahisi: ukilisugua jiwe kwa kidole chembe za mchanga hutoka, au unaona makombe ndani yake, na likidondoshewa maji huyanywa.

Kundi la tatu ndilo lenye mali ya kaunti hii, nalo ni miamba geu. Hii ilikuwa ya moto au tabaka, kisha ikazamishwa chini kabisa ya ardhi, ikabanwa na kupashwa joto hadi ikabadilika bila kuyeyuka yote. Milima ya Taita na Kasighau ni sehemu ya ukanda wa miamba hiyo unaotoka Msumbiji, kupitia Tanzania, hadi kaskazini mwa Kenya. Mgeuko huo ulitokea zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita.

Mwamba geu ulio mwingi zaidi hapa huitwa naisi. Una mistari ya rangi nyeupe na nyeusi inayopishana, na hapo ndipo wengi hukosea wakidhani ni mwamba tabaka. Tofauti ziko tatu. Mistari ya naisi mara nyingi imepinda na kujikunja kama kitambaa kilichosukumwa. Chembe zake hazisuguliki kwa kidole kwa kuwa zimeshikana. Nazo punje za ulanga zimelala upande mmoja, hivyo jiwe humetameta likigeuzwa kwenye jua. Graniti nayo ina punje kama hizo, ila hazijajipanga kwa mistari.

Marumaru ilikuwa jiwe la chokaa kabla ya kugeuka. Ni nyeupe au kijivu na humetameta kama sukari, hivyo huchanganywa na kwatzi. Siki au maji ya ndimu hutatua ubishi. Jiwe likwaruzwe hadi litoe unga, kisha unga ule udondoshewe siki. Marumaru hutoa mapovu, ingawa aina nyingine huyatoa taratibu sana. Kwatzi haitoi kitu. Tena msumari wa chuma hukwaruza marumaru lakini huteleza juu ya kwatzi.

Mwamba unaotafutwa na wachimbaji wa ganeti ya kijani ni naisi yenye grafaiti. Ni nyeusi au kijivu cha risasi, huchafua vidole na kuchora kwenye karatasi kama penseli, na mara nyingi hupatikana jirani na marumaru. Ndani yake, ganeti hukaa katika mabonge yanayofanana na viazi, yenye ganda la rangi iliyofifia. Wapo waliotupa mabonge hayo kwenye kifusi kwa sababu nje hayana sura. Kito hicho ndicho ambacho kampuni ya Tiffany ya New York ilikiita tsavoriti mwaka 1974, kwa jina la Tsavo. Rangi yake hutokana hasa na vanadi kidogo iliyo ndani yake.

Hata hivyo, si kila kijani ni tsavoriti. Kuna turmalini ya kijani, kuna kwatzi yenye rangi, na kuna vipande vya chupa ambavyo hupitishwa kwa wanunuzi wasiojua. Kipimo cha kukwaruza kioo hakisaidii hapa, kwa kuwa ganeti, turmalini na kwatzi zote hukwaruza kioo. Kinachosaidia ni uzito, na mizani ndogo ya sonara inatosha.

Jiwe lisafishwe, mwamba wote ulioshikana nalo uondolewe, kisha lipimwe likiwa kavu. Tuseme ni gramu 7.2. Kisha kikombe cha maji kiwekwe juu ya mizani na mizani irudishwe kwenye sifuri. Jiwe lifungwe kwa uzi mwembamba na kuzamishwa lote ndani ya maji, likining'inia bila kugusa chini wala kando ya kikombe, na bila mapovu ya hewa. Mizani itaonyesha namba nyingine, tuseme gramu 2.0. Gawanya 7.2 kwa 2.0, jibu ni 3.6. Hiyo ndiyo namba ya tsavoriti. Turmalini huwa karibu na 3.1, kwatzi 2.65, na kioo cha chupa karibu 2.5. Jiwe dogo sana, chini ya gramu moja, hutoa majibu ya kuyumba. Lipimwe mara kadhaa. Kipimo hiki hakielezi bei. Bei hutegemea rangi, ukubwa na usafi wa jiwe. Lakini mwenye namba 3.6 mkononi hawezi tena kuambiwa kwamba ameleta kwatzi.

Kujua mwamba pia huokoa maisha. Tabaka za ulanga na grafaiti huteleza. Mahali ambapo mistari ya naisi imeinamia ndani ya shimo, bamba zima la jiwe linaweza kuchomoka na kumwangukia aliye chini, hasa baada ya mvua. Mchimbaji atazame mistari inakoinamia kabla ya kuchimba pembeni, na upande unaoinamia shimo uwekewe nguzo au uachwe. Kwa wanaojenga, kokoto ya naisi iliyojaa ulanga hudhoofisha zege, hivyo ni afadhali kuchagua iliyo na kwatzi na feldispa nyingi.

Sheria nayo ni wazi. Madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri na yako chini ya serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi, hata yakiwa chini ya shamba la mtu. Anayetaka kuchimba kwa mikono anahitaji kibali cha mchimbaji mdogo, na anayenunua na kuuza anahitaji leseni ya biashara ya madini. Mkazi ana haki ya kumwomba broka amwonyeshe leseni hiyo kabla ya kumkabidhi jiwe.

Mwenye jiwe asiloliweza kwa siki na mizani aulizie kwanza katika Kituo cha Kuongeza Thamani ya Vito kilichojengwa mjini Voi, au kwa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Taita Taveta, ambako uhandisi wa madini hufundishwa. Aende na kipande cha mwamba ambamo jiwe lilitolewa, si jiwe peke yake, na aandike mahali na kina alipolipata. Wenzake wa shimoni wajue amelipeleka wapi, na jiwe lenyewe lipimwe na kupigwa picha kabla halijatoka mikononi mwake.